UGONJWA USIOANDIKWA HAUNA MWENYEWE

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa Halmashauri za Walei na wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, Mnyuzi, katika kujiandaa kwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi)



Twawashukuru nyote mliofika. Twajua kwamba wengine wenu mmetembea kwa miguu kutoka vijiji vya kando ya reli, na wengine mmeacha palizi katikati ya masika. Tume ya Haki na Amani ilitutaka tuzungumze juu ya magonjwa yatokanayo na kazi, na hasa juu ya sababu zinazofanya magonjwa hayo yasitolewe taarifa. Tulipoipokea mada hii tulisita. Tulidhani ni mada ya madaktari na wanasheria, wala si ya padri. Lililotufanya tukubali ni daftari la marehemu la parokia.

I. DAFTARI LA MAREHEMU

Kila tunapomzika mwamini, tunaandika jina lake, umri wake, siku ya kufa na siku ya kuzikwa. Mara nyingi tunaongeza neno moja juu ya kilichomwua. Tulipolifungua daftari hilo kwa ajili ya mada hii, tuliona neno lile lile likirudi kwa mwandiko wetu wenyewe: kifua. Ukurasa wa pili, kifua. Ukurasa mwingine, kifua tena. Hakuna hata mahali pamoja tulipoandika marehemu alikuwa akifanya kazi gani.

Mmoja wa hao tunamkumbuka vizuri. Jina lake hatutalitaja, wala shamba alilofanyia kazi. Alikuwa mtu wa brashi katika kiwanda cha mkonge kwa miaka mingi. Siku moja, baada ya Misa, alitufuata sakristia akasema, "Padri, Jumapili napumua vizuri. Jumatatu nikiingia kazini kifua kinabana kama kimekazwa kamba. Ikifika Alhamisi kinalegea. Jumatatu nyingine yaanza tena." Tulimsikiliza nusu nusu. Moyoni tulidhani ni uchovu, au ni mtu asiyependa Jumatatu kama wengi wasivyoipenda. Tukamwambia avumilie, asali, na amshukuru Mungu aliyempa kazi wakati wengine hawana.

Baada ya miaka kadhaa kikohozi kilikuwa hakimwachi hata Jumapili. Zahanati walimtibu kifua kikuu ingawa makohozi hayakuonyesha vijidudu. Baadaye wakamtibu pumu. Alipokuwa hawezi tena kubeba mzigo wa singa aliachishwa kazi, akaenda nyumbani bila karatasi yoyote iliyosema ameugua nini wala kwa sababu gani. Sisi ndio tuliomzika, na sisi ndio tuliomwandika: kifua.

Ndugu zetu, hatusemi haya ili tuhurumiwe. Twasema kwa sababu ungamo hili ndilo mlango wa mada nzima.

II. JUMAPILI NA JUMATATU

Mzee yule hakusomea udaktari, lakini alichotueleza ndicho kilichomo vitabuni mwa madaktari. Uko ugonjwa wa mapafu uitwao bisinosisi. Ulijulikana kwanza Ulaya, miongoni mwa wafanyakazi wa viwanda vya pamba na kitani. Dalili yake kuu ni kifua kubana siku ya kwanza ya kurudi kazini baada ya mapumziko, kisha kulegea kadiri juma linavyoendelea. Mwanzoni mtu akipumzika hupona. Miaka ikipita, kubana huko hushika siku zote za kazi. Mwishowe njia za hewa huharibika, mtu akakosa pumzi hata akiwa amekaa barazani kwake.

Ninyi mnaoishi na mkonge mwajua vumbi hilo latoka wapi. Majani hukamuliwa katika mashine ya korona, iliyokuwa na jina hilo miongo mingi kabla ya ugonjwa ulioingia nchini mwaka 2020. Singa hutoka zikiwa mbichi, huanikwa juani, kisha hupelekwa katika chumba cha brashi zikasuguliwe hadi zing'ae kabla ya kufungwa marobota. Hapo zimekauka, na kila brashi inapozunguka hutoa vumbi la mmea pamoja na sumu za vijidudu vilivyokuwa vikiishi juu yake. Mtu hulivuta vumbi hilo zamu nzima, wala halimwumizi papo hapo.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwaka 1978 jarida la Uingereza la tiba ya viwandani lilichapisha uchunguzi wa wafanyakazi 160 wa viwanda 6 vya mkonge vya hapa Tanzania. Miongoni mwa wasokotaji wa nyuzi dalili za ugonjwa huu zilikuwa kwa wachache. Miongoni mwa watu wa brashi zilikuwa kwa karibu nusu yao. Mwaka 2011 ulichapishwa uchunguzi mwingine wa hapa nchini, ukaonyesha kwamba mapafu ya wasindikaji wa mkonge yalikuwa na nguvu pungufu kuliko ya watu wasiofanya kazi hiyo. Nalo Shirika la Kazi Duniani, katika orodha ya magonjwa ya kazi iliyorekebishwa mwaka 2010, limeutaja mkonge kwa jina lake, pamoja na pamba, kitani na miwa, miongoni mwa mimea ambayo vumbi lake huleta maradhi ya mapafu.

Kwa hiyo elimu ipo kwa zaidi ya miaka 40. Wataalamu wameandika, dunia imeorodhesha, na hapa kwetu daftari lasema "kifua". Tena tazameni jinsi tulivyodanganyika sisi wachungaji. Tulikuwa tukiwaona watu hawa Jumapili, siku ile ile ambayo ugonjwa hujificha. Waliimba pamoja nasi kwa sauti kubwa, tukasema ni wazima.

III. KWA NINI HAUANDIKWI

Mwaka 2023 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 2.93 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kazi. Ajali ni kama 330,000 tu kati ya vifo hivyo. Vinavyobaki, milioni 2.6, ni vya magonjwa. Yaani katika kila vifo 9, karibu 8 ni vya magonjwa. Lakini tukiulizwa ni nani aliyeumia kazini hapa petu, sote tutamtaja aliyekatwa na mashine. Kwa nini?

Kwanza, ni asili ya ugonjwa wenyewe. Ajali ina saa, ina mahali, ina damu na mashahidi. Ugonjwa wa kazi hauna saa. Huingia kidogo kidogo, na mara nyingi huonekana mtu amekwisha kuhama idara, au amestaafu, au amerudi kwao.

Jambo hili la mtu kuondoka na ugonjwa wake ni la zamani katika nchi ya mkonge. Tangu Mjerumani Richard Hindorf alipouleta mmea huu mwaka 1893 ukapandwa Kikogwe karibu na Pangani, mashamba yalitegemea watu wa mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika la kuandikisha vibarua lililojulikana kama SILABU. Babu za baadhi yenu mliomo humu waliletwa hapa kwa namna hiyo, wakaitwa manamba. Mkataba ukiisha, mtu alipanda gari akarudi Kigoma, Singida au Songea. Akiwa na kikohozi, alikohoa huko kwao, na hapa shambani hesabu ilionyesha kwamba hakuna aliyeugua. Leo kibarua harudi mbali hivyo. Hurudi Handeni, au hupanda milima ya Usambara. Lakini hesabu ya shamba yabaki safi vile vile.

Pili, ni woga wa mfanyakazi. Mwenye watoto shuleni na deni dukani hawezi kusema kwa wepesi kwamba hawezi kazi. Aona wengine wanaongoja langoni kuchukua nafasi yake. Tusimlaumu mtu huyo. Methali yasema mficha maradhi kifo humwumbua, lakini yafaa tujiulize ni nani aliyemfundisha kuficha. Tena hapa hata kifo hakiumbui, maana siku ya mazishi nasi tunasema ni kazi ya Mungu, tunafukia, twaenda zetu.

Tatu, ni mwajiri. Taarifa huleta mkaguzi, na mkaguzi huleta maswali na gharama. Msimamizi wa zamu naye hapendi jina lake lipelekwe juu. Ni rahisi zaidi kusema, "Yule huvuta sigara." Yawezekana kweli anavuta, na moshi unamwongezea madhara. Lakini sigara haijui Jumatatu na Alhamisi. Kwa haki tuseme pia kwamba wapo waajiri wasioficha kwa ubaya. Hawajui tu kwamba kikohozi ni jambo la kutolewa taarifa kama ajali.

Nne, ni zahanati. Mhudumu ana foleni ndefu tangu asubuhi. Aona kikohozi, afikiri kifua kikuu, na ni vema kwamba afikiri hivyo kwanza. Lakini dawa zisipoleta nafuu, swali linalofuata huwa halikuulizwa: Unafanya kazi gani? Unakohoa zaidi siku gani? Maswali hayo mawili hayahitaji mashine wala umeme.

Tano, ni sisi, yaani majirani, Jumuiya na mapadre. Mtu akikonda na kukosa pumzi, wapo wanaonong'ona kwamba amelogwa, na wapo wanaotafuta dhambi aliyoitenda. Nasi wengine tunampa shauri la uvumilivu kabla hatujamwuliza lolote.

IV. SHERIA YASEMAJE

Wengi wadhani kwamba fidia ni ya aliyekatika mkono tu. Sivyo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20 ya mwaka 2008 yatambua ajali na pia magonjwa yatokanayo na kazi. Sheria hiyo ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao ulianza kupokea michango mwaka 2015 na kulipa fidia mwaka 2016. Mchango hulipwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi kitu katika mshahara wake. Mafao yake ni matibabu, fidia ya ulemavu wa muda na wa kudumu, utengamao, malipo kwa ajili ya anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza, msaada wa mazishi, na malipo kwa wategemezi wa marehemu.

Ili mjue ukubwa wa badiliko hilo, kumbukeni kwamba chini ya sheria ya zamani, iliyotoka enzi ya ukoloni, kiwango cha juu cha fidia kilikuwa shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu na shilingi 83,000 kwa kifo. Fedha hizo zilikuwa zimeliwa na kupanda kwa bei miaka mingi kabla sheria haijabadilishwa. Wengi wenu mlikata tamaa wakati huo, na tamaa hiyo iliyokatika yaendelea kutufunga vinywa hata sasa.

Iko pia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003. Yataka mfanyakazi apimwe afya kabla ya kuanza kazi, apimwe mara kwa mara awapo kazini, na apimwe tena anapoondoka. Kupimwa huko kwa kuondoka ndiko kulikokosekana kwa mzee wetu. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, ili siku ya shida asianze kwa kuthibitisha kwamba aliwahi kuajiriwa.

Lakini mashine hiyo yote ya sheria haiendi bila karatasi ya kwanza. Mfuko hauwezi kulipa ugonjwa ambao haukufikishwa kwao. Mkaguzi hawezi kuagiza vumbi lipunguzwe mahali ambapo kwa hesabu hakuna anayekohoa. Ndiyo maana twasema: ugonjwa usioandikwa hauna mwenyewe. Gharama yake yabaki kwa mgonjwa, kwa mke wake na kwa watoto wanaoacha shule.

Hapa tuna neno kwa baadhi yenu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wapo wakulima wadogo wa mkonge katika eneo letu, Hale ikiwa mojawapo ya mahali mpango huo ulipoanza. Tena katika miaka ya karibuni Serikali imeuweka mkonge miongoni mwa mazao ya kimkakati, na mashamba yanapandwa upya. Twafurahi. Lakini wewe uliye na ekari zako, ukimweka mtu akukatie, umekwisha kuwa mwajiri. Mwiba ukimpofua jicho, au maji ya mkonge yakimharibu ngozi, si haki kumwambia kwamba hata wewe ni maskini kama yeye.

V. NENO LA MUNGU LATUULIZA

Katika Injili ya Luka sura ya 13, Bwana wetu aongea juu ya watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Watu walidhani hao walikuwa wakosefu kuliko wengine. Yesu alikataa fikira hiyo waziwazi, akawaita wote watubu. Nasi tuache kutafuta dhambi ya mgonjwa. Tutazame mnara: nani aliujenga, nani aliona ufa akanyamaza.

Sheria ya Musa nayo, katika kitabu cha Kutoka sura ya 21, yaagiza kwamba aliyemwumiza mwenzake alipe siku alizopoteza na ahakikishe amepona kabisa. Basi fidia si sadaka, wala si huruma ya tajiri. Ni deni. Papa Leo wa Kumi na Tatu alilifundisha Kanisa juu ya haki za wafanyakazi mwaka 1891. Papa Yohane Paulo wa Pili alirudia mwaka 1981, akitaja matibabu na bima ya mfanyakazi miongoni mwa haki zake. Yeye alijua alilolisema, kwani ujanani alifanya kazi katika machimbo ya mawe na katika kiwanda cha kemikali huko Poland.

VI. TUFANYE NINI

Hatuwaagizi kugoma wala kutukana mtu. Twawaagiza mambo madogo yafuatayo.

1. Mgonjwa aendapo zahanati au hospitali ya Magunga, aseme mwenyewe kazi anayofanya, ameifanya tangu lini, na siku gani dalili huzidi. Aombe maneno hayo yaandikwe katika cheti chake.

2. Kila mfanyakazi atunze karatasi zake: mkataba, hati za mshahara, kitambulisho, vyeti vya hospitali. Zikae mahali pamoja, na mke au mume apajue.

3. Taarifa kwa mwajiri itolewe mapema, kwa maandishi, nakala ibaki. Asiyejua kuandika asaidiwe na katibu wa Jumuiya. Kiongozi wa chama cha wafanyakazi ajulishwe. Mwajiri akikaa kimya, ofisi za Mfuko zipo. Tusingoje, kwa maana sheria imeweka ukomo wa muda wa kudai.

4. Jumuiya ilinde siri. Ugonjwa wa mtu ni wake. Hatutangazi jina lake mpaka yeye mwenyewe ameridhia.

5. Tuseme kweli tupu. Madai ya uongo hufunga mlango kwa wagonjwa wa kweli.

6. Walio waajiri na wasimamizi kati yetu wasidhani kwamba kitambaa puani kinatosha. Feni za kufyonza vumbi juu ya brashi, usafi wa chumba, na kubadilishana zamu ndivyo vinavyookoa mapafu. Anayepokea taarifa ya ugonjwa asimwone mletaji kuwa adui.

7. Nasi mapadre tuna letu. Kuanzia mwezi huu, katika daftari la marehemu la parokia hii, mbele ya kila jina tutaandika kazi aliyoifanya marehemu, kama familia itatueleza. Si hati ya kisheria. Lakini baada ya miaka 10 atakayelifungua hataona neno moja tu.

Ndugu wapendwa, yule mzee hatuwezi tena kumpeleka hospitali wala kumwandikia barua. Wajane wa aina hiyo wapo katika Jumuiya zenu, na watu wa brashi wanaopumua vizuri leo Jumamosi wapo. Kesho mtakutana nao kanisani wakiwa wazima. Twawaomba muwatembelee Jumatatu jioni.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Katika Jumuiya yetu ni nani wanaofanya kazi zenye vumbi, dawa za sumu au mizigo mizito? Tumewahi kuwauliza habari za afya zao?

2. Ni woga gani unaowazuia wagonjwa kutoa taarifa? Je, sisi tumeuongeza au tumeupunguza?

3. Je, yupo kati yetu aliyeajiri watu wa kukata au kupalilia? Akiumia mtu wake, ameandaa nini?

4. Tutamsaidiaje mgonjwa mmoja, kabla ya mkutano ujao, apate karatasi yake ya kwanza?